Kamera ya Starehe, Jembe la Mjini

Swali huja kila mwezi, mara nyingi usiku, mara nyingi kwenye WhatsApp, na huanza vilevile: "Niaje bro, niko na kama elfu sitini hivi. Ninunue kamera gani?" Anayeuliza huwa ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Anaishi Roysambu au Umoja au Rongai, amemaliza chuo, amepiga picha kwa simu miaka miwili na watu wamemwambia ako na jicho. Sasa amepata kazi ya kwanza ya kulipwa, harusi ya binamu wa rafiki yake, na ameshikwa na hofu. Mimi humjibu kwa swali: hizo elfu sitini ni zako ama ni za kukopa? Akinyamaza, najua jibu.

Simlaumu, maana mimi pia nilikopa. Nilikopa kwa chama cha mama yangu nikanunua Nikon D7200 ya mtumba, mwili mtupu bila lenzi, kwa shilingi elfu hamsini na tano. Niliitoa katika duka moja la ghorofani katikati ya jiji, mahali ambapo kamera zilizotumika ng'ambo hupangwa kwenye kabati la kioo kama keki. Nimekaa nayo miaka minne sasa. Imeenda harusi, mazishi, ruracio, ubatizo, graduesheni, na mkutano mmoja wa kisiasa ambao sitaki kuukumbuka. Nimeipenda, nimeitukana, na mara mbili nimekaribia kuiuza. Nadhani naijua vya kutosha kuihakiki kama tunavyohakiki kitabu: iliandikiwa nani, inasema nini, inaficha nini, na je, inamfaa msomaji ambaye mwandishi wake hakumfikiria kabisa?

Tuanze na huyo aliyefikiriwa. Kampuni za kamera huwagawa wateja wao kwa ngazi. Chini kuna anayeanza, mtu anayetaka picha za watoto zitoke vizuri bila maswali mengi. Juu kuna mtaalamu, ambaye anakula kwa kamera na yuko tayari kulipia kila kitu. Katikati wamemweka mtu wanayemwita mpenzi wa picha. Huyu anaelewa kasi ya shata na tundu la lenzi, ana pesa kidogo za ziada, lakini mkate wake unatoka kwingine. Ana mshahara. Jumamosi anapiga ndege, Jumapili anapiga watoto wake wakicheza mpira, na likizo anapiga milima. D7200 ilitengenezewa huyo. Ilitangazwa Machi 2015 kwa bei ya dola 1,199.95 huko Marekani bila lenzi, ikifuata D7000 ya 2010 na D7100 ya 2013. Chini yake kulikuwa na D3300 na D5500 za wanaoanza. Juu yake kulikuwa na D750 yenye sensa kubwa.

Sasa mlete huyo mpenzi Nairobi. Wapo, ndiyo. Utawaona Masai Mara na lenzi ndefu kama bunduki. Lakini wengi tunaotumia kamera za ngazi hii hapa mjini hatuna mshahara kwingine. Kamera ndiyo kwingine. Tunapiga bidhaa za wauzaji wa Instagram, tunapiga CEO wa kampuni ya watu watatu, tunapiga maharusi kuanzia saa kumi na moja asubuhi wakipakwa poda hadi saa tatu usiku shangazi wakicheza. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya starehe kimegeuka jembe. Kwa hiyo sitauliza kama D7200 inapendeza. Nitauliza vile vitu ambavyo mtengenezaji aliviweka kama anasa ndogo za mpenzi vinafanya kazi gani vikikabidhiwa mtu ambaye kodi yake ya nyumba inavitegemea.

Ukiishika mara ya kwanza utasikia uzito. Mwili pekee ni gramu 675. Ukiweka betri na kadi unafika gramu 765. Msee aliyezoea simu atalalamika, na saa nane mchana ndani ya hema la harusi atalalamika zaidi. Lakini mpini umejaa mkono, na vitufe viko pale vidole vinapolala. Kuna gurudumu la mbele na la nyuma, moja la kasi ya shata na lingine la tundu, kwa hiyo hubonyezi menyu huku bibi harusi anashuka garini. Kamera za ngazi ya chini zina gurudumu moja tu. Kwenye duka tofauti hiyo inaonekana ndogo. Kwenye lango la kanisa ndiyo tofauti kati ya kupata picha na kuomba msamaha. Pia mwili umezibwa dhidi ya vumbi na unyevu. Si wa kuoga nao, lakini manyunyu ya Julai kule Limuru na vumbi la barabara ya Kitengela haujawahi kuusumbua wangu.

Halafu kuna kile kitundu cha kuchungulia. DSLR ina kioo ndani yake: mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda kwenye prizimu na kuingia jichoni mwako. Unachokiona ni dunia yenyewe, bila skrini katikati. D7200 inakuonyesha asilimia 100 ya fremu, maana yake hutagundua baadaye kwamba kuna mtu aliyeingiza kiwiko pembeni. Kwangu hili lina faida nyingine ambayo haimo kwenye matangazo. Ukiwa nyuma ya kitundu, watu wanasahau kukuangalia. Ukiinua skrini juu ya kichwa, kila mtu anaanza kupozi.

Tukienda kwenye sensa, ndipo kamera hii ilinishinda moyo. Ina megapikseli 24.2, na hesabu hiyo yenyewe si habari. Simu zina zaidi. Habari ni jinsi inavyobeba giza na mwanga kwa pamoja. Hebu fikiria kazi yetu ya kila Jumamosi: bwana harusi mweusi tititi, suti nyeusi, amesimama jua la saa saba karibu na gauni jeupe pe! Kipimo cha mwanga ndani ya kamera yoyote hutafuta wastani, kijivu fulani cha katikati. Kikitazama gauni kinaogopa weupe na kuipunguzia picha mwanga, uso wa mwanamume unazama. Kikitazama suti kinaongeza mwanga, gauni linaungua na ushonaji wote aliolipia unapotea.

Tatizo hili si la mashine tupu, lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi za Marekani zilisawazisha rangi zao kwa kutumia kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi sahihi. Wengine wote tulikuwa kosa la kurekebisha. Kamera za kidijitali zimetoka mbali na hapo, lakini wastani bado ni wastani, na mpiga picha wa Nairobi bado ndiye anayebeba kazi ya kuwatoa watu wake gizani.

D7200 inanisaidia hivi: napiga kwa ISO 100, nikiulinda weupe wa gauni, nauacha uso uwe mweusi kuliko ulivyo, halafu nyumbani kwenye faili ghafi nauinua. Na uso unarudi. Unarudi na rangi yake, na jasho lake, na ile mikunjo midogo ya kicheko, bila zile chembechembe za zambarau ambazo kamera yangu ya zamani ilizitapika kila nilipojaribu. Kwa kamera ya mwaka 2015 yenye sensa ndogo, hili ni jambo kubwa. Mpenzi wa Ulaya alipewa uwezo huu ili aokoe mawingu yake ya machweo. Mimi nautumia kuokoa sura za watu.

Mwangani, basi, inatamba. Gizani? Kanisa la mawe saa tisa mchana, madirisha madogo, taa mbili za njano: hapa simu nyingi huanza kupaka uso rangi ya nta. D7200 ina pointi 51 za kutafuta fokasi, na imetengenezwa iweze kushika hata kwenye mwanga hafifu kiasi cha kiwango cha -3, mwanga ambao wewe mwenyewe unahisi ni giza. Ukitumia pointi za katikati inashika. Zile za pembeni zinasitasita. Kufikia ISO 3200 natoa picha bila aibu. 6400 natoa nikiwa nimesali. Juu ya hapo nawasha flashi. Kasi yake ni picha sita kwa sekunde, na inaweza kubeba takriban faili ghafi 18 kabla haijaanza kupumua. D7100 iliyoitangulia ilikuwa inashikwa na pumzi baada ya chache tu, na hilo pekee lilitosha kunifanya niongeze pesa nichukue hii.

Sasa nije kwenye kile kifuniko kidogo cha upande wa kulia, ambacho ndicho sababu ya kweli ya kuandika haya yote. Ukikifungua unakuta nafasi mbili za kadi.

Kabla ya D7200 nilikuwa na kamera ya wanaoanza, yenye nafasi moja. Mwaka huo jirani yetu wa zamani aliniomba nikawapigie picha wazazi wake Murang'a. Wazee walikuwa wameishi pamoja miaka zaidi ya arobaini bila harusi ya kanisa, na sasa kanisa lao lilikuwa linawabariki. Mzee alivaa koti la kijani la kuazima. Wakati wa kuvishana pete vidole vyake vilikataa, vikavimba, watu wakacheka, naye akacheka hadi akatoa machozi. Nilikuwa nimesimama karibu. Niliiona picha hiyo kwenye skrini yangu ndogo. Ilikuwa nzuri kuliko picha yoyote niliyokuwa nimewahi kupiga.

Usiku nilipoingiza kadi kwenye laptopu, laptopu haikuiona. Nikajaribu nyingine. Nikaipeleka kwa fundi, akakaa nayo siku mbili, akanirudishia picha kama arobaini: mahema, sufuria, watoto, gari. Hakuna hata moja ya mzee. Nilirudisha pesa zote na hakuna aliyenikaripia, na ningependa wangenikaripia. Miezi kumi baadaye mzee alifariki. Picha waliyoiweka kwenye tangazo la mazishi ilikuwa ya kitambulisho, imekuzwa mpaka sura imekuwa ukungu.

Ndiyo maana ninaposoma hakiki za kamera kutoka ng'ambo zikisema nafasi ya pili ya kadi ni kitu kizuri cha ziada, huwa nafunga ukurasa. Kwenye D7200 unaiagiza kamera iandike kila picha mara mbili, kadi ya kwanza na ya pili kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, nyingine inabaki. Imenitokea mara moja katika miaka minne, kwenye ubatizo South B. Mteja hajui mpaka leo, na hana haja ya kujua.

Kuna kitu kingine cha zamani kwenye mwili huu ambacho mjini kwetu ni mali: mota ya fokasi. Kamera za kioo za Nikon zimekuwa na mdomo uleule wa lenzi tangu 1959. Lenzi zao nyingi za fokasi za miaka ya tisini hazina mota ndani. Zinazungushwa na kijibisi kinachotoka mwilini mwa kamera. D3300 na D5500 hazina kijibisi hicho, kwa hiyo lenzi hizo ukizifunga huko utazungusha fokasi kwa mkono. D7200 inacho. Hii inamaanisha 50mm f/1.8D, kilenzi kidogo cha plastiki kinachouzwa mtumba kwa bei ya viatu vizuri, kinakuwa lenzi yako ya picha za uso. Inamaanisha unaweza kupata 80-200mm f/2.8D nzee, nzito kama tofali, iliyochubuka rangi, na ukasimama nyuma ya kanisa ukamfikia padri bila kumkanyaga mtu. Kwa anayenunua mtumba, mota hiyo inafungua mlango wa lenzi za miongo mingi. Tajiri hahitaji mlango huo; ataenda dukani anunue mpya.

Na betri. Kitundu cha kioo hakili umeme, kwa hiyo betri moja kwa kipimo rasmi inafika picha 1,110. Mimi huenda harusi nzima na betri mbili na narudi na moja haijaguswa. Stima ikipotea Ijumaa usiku, Jumamosi bado unafanya kazi. Anayeishi mahali ambapo soketi inajibu kila mara hawezi kuelewa utamu wa sentensi hiyo.

Basi, tuipake matope nayo, kwa sababu mhakiki anayesifu tu ni muuzaji.

Video yake ni ya kuvumilia. Inarekodi 1080 kwa fremu 30. Ukitaka fremu 60, inakata pembe za picha na kukusogeza karibu kwa kipimo cha 1.3. Haina 4K. Baya zaidi ni fokasi. Ukiinua kioo na kutumia skrini, ule ujanja wa pointi 51 unalala, na kamera inaanza kusaka: mbele, nyuma, mbele, kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani. Canon walikuwa wametatua jambo hili mwaka 2013 kwa EOS 70D, ambayo sensa yake yenyewe inatafuta fokasi, na skrini yake inageuka na kuguswa. Skrini ya D7200 imepigiliwa. Ukitaka kupiga kutoka chini, unalala chini. Nimelala kwenye nyasi za hoteli nyingi nikiwa na suruali ya kuazima.

Kuna waifai ya kutuma picha kwenye simu. Iko polepole, na programu yake hukata uhusiano pale tu mteja anaposema, "Nitumie moja niweke status." Siku hizi natumia kisomeo cha kadi cha waya. Kwa hiyo kama kazi yako ni TikTok, reels, na mahojiano ya podikasti, acha kusoma hapa na utafute kamera nyingine. Sikutanii. Ukiilazimisha D7200 kufanya kazi hiyo, utaichukia, na kosa litakuwa lako.

Lakini ile 70D niliyoisifu, na hata 80D iliyoifuata mwaka 2016, zina nafasi moja ya kadi. Unaona jinsi mchezo unavyochezwa. Kila kampuni inampa mpenzi kitu kimoja na kumnyima kingine, ili asishibe na asipande ngazi kwa bei ya chini. Na ushahidi mzuri zaidi wa mchezo huo ni Nikon wenyewe. Aprili 2017 walitoa mrithi, D7500. Alikuja na mazuri: skrini inayoinama na kuguswa, 4K, picha nane kwa sekunde. Bei ilikuwa dola 1,249.95. Ila wakaondoa nafasi ya pili ya kadi. Wakaondoa pia kile kipini kinachoiwezesha kamera kupima mwanga na lenzi za zamani za mkono, na wakaacha kuiwekea mwasiliano wa mpini wa betri. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilipoisoma orodha hiyo niliweka kidole juu ya kidonda.

Sidhani walikosea hesabu. Walijiuliza mpenzi anahitaji nini, wakajijibu kwamba mpenzi hana wa kumlilia kadi ikifa. Ndege atarudi tawini Jumapili ijayo. Anayelia ni mtaalamu, na huyo kwao ana ngazi yake, apande alipe. Katika ngazi zao hakuna mahali pa mtu mwenye wajibu wa mtaalamu na mfuko wa anayeanza. Mtu huyo ndiye sisi. Ndiyo sababu nasema D7200 ni bora kwetu kuliko mrithi wake, ingawa karibu kila karatasi ya vipimo itakuambia vingine. Ni toleo la mwisho la ukoo ule ambalo, bila kukusudia, lilituandikia sisi.

Kuna kijana atakayesema: bro, hizi zote ni kamera za wazee, dunia imehamia zisizo na kioo. Ni kweli. Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu D780 na D6 za mwanzoni mwa 2020. Kamera zisizo na kioo ni nyepesi, zinashika jicho la mtu anayetembea, zinakuonyesha picha itakavyokuwa kabla hujabonyeza. Ningekuwa na laki mbili za kwangu, zisizo na jina la chama juu yake, ningehamia kesho. Lakini kuhama kwao ndiko kulikoishusha D7200 hadi kwenye kabati lile la kioo. Walio na pesa wanapoondoka nyumbani wanaacha fanicha. Swali la mwenye elfu sitini si kama fanicha ni ya fasheni, ni kama miguu bado imara.

Mwingine atasema simu inatosha. Mchana, kwa picha itakayoonekana kwenye simu nyingine, inatosha. Nimeona picha za simu zikizishinda zangu na sikuwa na la kusema. Tena simu haimtishi mtu. Ukitoa kamera kubwa Tom Mboya, watu watatu wanakuangalia: askari anayetaka kibali, mwizi, na mama wa mboga anayetaka kujua utamlipa ngapi. Lakini simu ikiombwa kuchapa picha ya ukutani, au kumvuta bibi harusi kutoka mita ishirini ndani ya kanisa lenye giza, au kuwasha flashi mbili za kando kwa pamoja, inaishiwa. Kuna sababu nyingine ya kimtaani ambayo hatupendi kuisema: mteja anayekulipa elfu thelathini anataka kuona kitu mkononi mwako ambacho binamu yake hana.

Kama umeshawishika, nenda dukani mchana, na kadi yako mfukoni. Piga picha moja, uifungue kwenye laptopu, tafuta idadi ya mara ambazo shata imefunguka; imeandikwa ndani ya faili. Shata ya D7200 ilijaribiwa kwa mizunguko 150,000. Yangu ilikuwa na elfu arobaini na kidogo. Iliyo juu ya laki moja, teremsha bei au ondoka. Piga ukuta mweupe ukiwa umefunga tundu la lenzi hadi f/16, uone kama kuna madoa ya vumbi au mafuta kwenye sensa. Jaribu nafasi zote mbili za kadi, si moja. Tikisa vifuniko vya mpira. Vikilegea, kamera imeishi maisha magumu. Mulika tochi ndani ya lenzi, utafute ukungu unaofanana na utando wa buibui. Muuzaji akikuharakisha, rudisha kadi yako mfukoni umwambie utarudi.

Na usimalize pesa zote kwenye mwili. Hili ndilo kosa letu kubwa, nami nililifanya. Nililipa elfu hamsini na tano nikatoka pale na kamera isiyo na jicho, nikaazima lenzi miezi mitatu. Mwenye elfu sitini atafute mwili kwa bei ya chini kuliko nilivyolipa, hata kama umechubuka, abakishe za 50mm, betri ya pili, na kadi mbili halisi kutoka kwa mtu anayetoa risiti. Kama hazifiki, angoje. Aifanye harusi ya kwanza kama msaidizi wa mtu mwenye vifaa. Deni la chama nililimaliza kwa harusi sita, na kati ya hizo sita, nilizifurahia mbili. Nne nilikuwa nahesabu tu.

Uamuzi wangu, basi. D7200 kwa bei yake mpya ya 2015 ilikuwa kamera nzuri ya mtu mwenye nafasi. Kwa bei yake ya leo, mtumba, Nairobi, kwa mtu wa picha za kusimama na si video, sijaona nyingine inayompa mengi hivi ya kumlinda. Haitakufanya mpiga picha. Itakuzuia tu usiharibu siku ya watu kwa sababu ya vitu ambavyo vingeweza kuzuilika, na mwanzoni mwa kazi hii, hilo ni nusu ya ujuzi.

Wiki jana kijana mwingine aliniuliza. Nikamtumia haya kwa ufupi, kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, na mwisho nikamwambia kuhusu kadi. Akanijibu kwa kicheko: "Sawa bro, kadi moja kubwa si inatosha kuanza nayo?" Nilikuwa kwenye matatu, kelele nyingi. Nikaandika tu: "Hapana. Mbili. Nikukopeshe ya pili."